Kapita Chini, Mkwe Juu ya Paa

Nasikia siku hizi mwanamke akitakiwa kuwa mkubwa wa kazi anapelekwa semina. Anakaa ndani ya hema siku tatu, anapewa daftari, kalamu, soda na biskuti, na siku ya mwisho anapigwa picha akiwa ameshika karatasi. Sina ubaya na semina. Biskuti nazipenda. Lakini ninyi mabinti na vijana mnaojifunza ujenzi hapa kambini Nakivale mmeniomba niwaandikie jinsi mimi nilivyopata ukubwa, na ukweli ni kwamba nilifundishwa na ukuta ulioinama na mkwe aliyekuwa akinikimbia. Picha hakuna, na ninamshukuru Mungu, maana siku hiyo nilikuwa na udongo mpaka ndani ya masikio.

Jina langu la kazi ni Mama Kapita. Kwetu Kivu ya Kusini kapita ni yule anayesimamia kundi la mafundi, anayesema nani afanye nini na nani aache kulala chini ya toroli. Jina langu la nyumbani ni Mama Riziki. Riziki ni binti yangu wa kwanza, na ndiye aliyeniletea mambo yote nitakayowasimulia, kwa kosa moja tu: aliolewa na fundi wa mbao wa kundi letu.

Mimi ni mwashi. Nilianza kwa kubeba maji ya kuchanganyia udongo, kama wanawake wote walivyoanza, na nilibeba mpaka siku mwashi mmoja aliposhindwa kuja kazini kwa sababu ya harusi ya shemeji yake. Papa Kashindi, aliyekuwa kapita wetu wakati huo, alinitazama, akatazama matofali, akanitazama tena. Akasema, "Mama Riziki, miaka mbili uko unaangalia benzako wanajenga. Macho yako haikuchoka? Kamata mwiko."

Nikakamata mwiko. Nilipewa choo cha nje cha mzee mmoja, kitu kidogo cha kuta nne, kazi ya mtu kujaribia. Nilijenga kwa furaha kubwa, niko ndani, nazunguka, tofali kwa tofali, huku naimba nyimbo za kwaya. Kuta zilipofika kifuani nikataka kutoka kwenda kunywa maji, ndipo nikagundua sikuacha mlango. Nilikuwa nimejijengea gereza. Walinitoa kwa kunivuta mikono kama mbuzi aliyeanguka shimoni, na mwenye choo akauliza kwa upole kama yeye naye atakuwa akiingia kwa namna hiyo. Papa Kashindi alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniambia jambo ambalo nawaambia na ninyi: kila ukimaliza mistari mitatu ya matofali, toka nje, simama mbali, tazama. Ukiwa ndani ya kazi yako huioni.

Mengine aliyonifundisha nayataja harakaharaka, maana nyote mna haraka. Tofali kavu lilowesheni kwanza, la sivyo litakunywa maji yote ya saruji na kuwaachia unga. Mchanga ujaribuni kwa kuusugua kiganjani. Ukiacha uchafu mwingi mkononi, rudisheni. Kamba ya kujengea ikazwe, si kuwekwa tu. Na timazi, ule uzi wenye chuma kizito mwishoni, uning'inizeni kila siku, kila kona, hata kama jana ulikuwa sawa. Timazi haijui cheo cha mtu. Itawaambia ukuta umelala hata kama aliyeujenga ni askofu.

Sasa nije kwenye ukubwa.

Macho ya Papa Kashindi yalianza kuingia ukungu. Alikuwa akisalimia nguzo. Siku moja alimkaripia mtu kwa uvivu nusu saa nzima, na mtu yule alikuwa pipa la maji. Tukapata kazi Mbarara, ya kumjengea mke wa askari mmoja nyumba ndogo ya saluni kando ya nyumba yake, na ikatokea kwamba wakati uleule Papa Kashindi alipata nafasi ya kutibiwa macho hospitali ya Ruharo, mjini humohumo. Kabla ya kuingia hospitali alitukusanya wote, akasema, "Miye naenda kwa madaktari. Kazi nawachia Mama Riziki. Nikitoka, tutachagua kapita wa siku zote, kwa mikono. Kama nyumba iko muzuri, mutajua mwenyewe. Kama iko mubaya, mutajua pia."

Kulikuwa na ndugu wawili kwenye kundi letu, Warundi, wachapakazi wazuri sana, ambao hawakupenda jambo lolote. Walisema Papa Kashindi amenichagua kwa sababu ya macho, kwamba alidhani anamwonyesha mtu mwingine kidole. Nilicheka pamoja nao. Lakini moyoni iliniuma, wanangu, na niliitaka ile kazi kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu nivuke mpaka. Nilikuwa nimebeba maji ya watu miaka miwili. Nilitaka siku moja mtu aniulize mimi, "Tuanzie wapi?"

Kundi letu lilikuwa dogo. Mbali na mimi na wale ndugu wawili, alikuwapo Mwamini, mwanamke kijana aliyekuwa akichanganya udongo kwa miguu huku akisuka nywele zake mwenyewe, sijui kwa mikono mingapi. Alikuwapo Zebedayo, mtu mpole, wa kupanda na kushuka ngazi akipeleka vitu. Na juu ya ukuta, kwenye mbao, alikuwapo Byamungu, mume wa Riziki. Mkwe wangu.

Ninyi mliozaliwa hapa kambini labda mnaona mambo haya ni ya zamani, basi nieleze. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawaitani majina. Hawali pamoja. Akiniona njiani, anaingia kwenye mihogo mpaka nipite, na mimi nageuza uso ili asikae kwenye mihogo muda mrefu. Ni heshima, wala si ugomvi. Byamungu alikuwa na heshima ya kupitiliza. Nikimpigia simu Riziki, na simu ikawa mkononi mwa mumewe, aliitupa kitandani na kutoka nje. Miaka sita ya ndoa, watoto watatu, na mimi nilimjua mkwe wangu kwa kisogo tu. Kisogo kizuri. Lakini jaribuni kusimamia kazi ya kisogo.

Nilipokuwa mwashi wa kawaida haikuwa shida. Mimi chini, yeye juu, kila mtu na kazi yake. Nilipokuwa kapita, kila asubuhi nilipaswa kumwambia fundi wa mbao afanye nini. Nikikaribia ngazi, yeye anateremkia upande wa pili. Nikizunguka upande wa pili, anapanda tena. Siku ya kwanza tulizunguka ile nyumba mara nne hivi, na mke wa askari, tuliyemwita Mama Brenda, alikuwa amesimama kwenye kibaraza chake na kikombe cha chai akitutazama.

"Nyinyi watu ya Nakivale," alisema, "hii ndiyo mazoezi ya asubuhi? Kwa kambi ya mzee yangu wanakimbia lakini wanakimbia pamoja."

Basi nikatafuta njia. Nikamweka Zebedayo katikati. Mimi namwambia Zebedayo, Zebedayo anapanda ngazi, anamwambia Byamungu, anateremka na jibu. Nilijiona mwerevu. Nilijiona mkubwa hasa, maana wakubwa wote niliowahi kuwaona katika maisha yangu walikuwa na mtu wa kupeleka maneno. Nikaanza kusimama mikono kiunoni. Nikaanza kujenga kona yangu ya ukuta huku uso umegeukia wengine, naelekeza huyu, nakosoa yule, mkono mmoja unaweka tofali, mwingine unaonyesha kidole. Timazi niliitundika siku ya kwanza ya wiki, ikatosha. Na kutoka nje kutazama kwa mbali nikaacha kabisa. Mkubwa anatazamwa, hatazami.

Mnacheka. Ngojeni.

Jambo ambalo sikulifikiria ni Zebedayo mwenyewe. Kwetu anayepeleka neno baya kati ya mkwe na mama mkwe, nyumba ile ikivunjika, lawama ni yake. Shangazi yake Zebedayo aliachwa na mumewe kwa neno moja lililobebwa na jirani, na tangu hapo familia yao nzima inaogopa kubeba maneno ya wakwe kuliko watu wengine wanavyoogopa kubeba nyoka. Mimi nilijua habari ya shangazi. Nilihudhuria hata kilio chake alipoachwa. Lakini kichwa cha ukubwa kina nafasi ndogo.

Kwa hiyo nilikuwa nasema, "Zebedayo, mwambie huyo mtu wa juu hizo mbao anazikata taratibu mno, mvua haitamngoja."

Zebedayo anapanda ngazi, anakohoa. "Byamungu. Mama mukwe anakusalimia sana."

Na Byamungu huko juu naye alikuwa na lake. Lilichukua muda kunifikia, kwa sababu halikunifikia. Alikuwa akisema, "Zebedayo, ambia mama ile kona yake inaanza kulala inje. Atazame."

Zebedayo anateremka, ananiinamia. "Mukwe anasema kona yako iko mazuri mingi. Hata macho yake haitoki pale."

Nikatabasamu. Nikaweka tofali jingine.

Kila neno lililopita mikononi mwa Zebedayo lilitoka limepakwa mafuta. Wiki mbili nzima mimi na mkwe wangu tulipeana salamu kwa wingi hata wachumba hawapeani hivyo. Nilifikiri, kumbe usimamizi ni kitu rahisi namna hii, watu wote wanafurahi na kazi inakwenda. Wanangu, ukiwa mkubwa wa kazi na kila habari inayokufikia ni tamu, shuka chini uitafute iliyobaki.

Ikafika Jumamosi ya kumaliza kenchi. Kenchi, kwa wasiojua, ni zile mbao zinazounganishwa chini, kisha zinapandishwa juu ya kuta kushika mabati. Fundi anazikata zote kwa kipimo kimoja. Siku hiyohiyo Papa Kashindi alitoka Ruharo na kuja kwetu kwa miguu, jicho moja limefunikwa na kitambaa cheupe, jingine linang'aa. Uchaguzi ulikuwa saa sita. Nilikuwa nimefua kitenge.

Zikapanda kenchi za kwanza, zikakaa. Ikapanda ya mwisho, ya upande wa kona yangu. Upande mmoja ikakaa vizuri. Upande wa pili haikufika ukutani. Ilining'inia hewani, fupi kwa upana wa kiganja.

Fundi wa mbao kukata fupi ni aibu isiyo na dawa, kwa sababu mbao haioti tena. Wale ndugu wawili waliweka vifaa chini. Mkubwa kati yao akasema kwa sauti ambayo hata kibarazani ilisikika, "Hii njo kazi ya kundi lenye kapita anaona haya na mukwe wake. Angekuwa mutu mwingine angeisha kufukuzwa."

Nilihisi ukubwa wote unatoka kupitia miguuni. Papa Kashindi alikuwa amekaa juu ya mfuko wa saruji, jicho lake moja limenielekea. Mwamini aliacha kukanyaga udongo. Na mimi, kwa hofu ya kuonekana nampendelea mkwe, kwa hofu ya kuipoteza kazi ile kabla ya saa sita, nikafanya kitu ambacho kwetu hakifanywi. Nikainua uso. Nikaita jina.

"Byamungu! Umekata fupi!"

Mwamini akasema, "Yesu." Nyundo ya Byamungu ikaanguka ndani ya karai la udongo, udongo ukamrukia Zebedayo mzima mzima, na mimi sehemu yangu nikapata masikioni. Byamungu mwenyewe akavua shati haraka akajifunika kichwa nalo, akabaki juu ya ukuta na tumbo wazi. Haya yake ilikuwa kubwa, lakini uchungu wake wa ufundi ulikuwa mkubwa zaidi, na hakuweza kunyamaza. Na kwa vile hawezi kunijibu mama mkwe wake, akamjibu mtu pekee aliyekuwa karibu naye, yaani kenchi.

"Weye kenchi," alisema toka ndani ya shati, "si unajua nilikupima mara tatu? Si unajua ndugu zako bote ni urefu moja? Nani alikukata fupi? Hakuna! Weye hauna makosa. Ni ukuta njo ilikuhama!"

Sikukubali. Na mimi nikainua mwiko wangu mbele ya uso. "Weye mwiko," nikauambia, "sikiliza maneno ya watu wa juu. Kama ukuta ulihama, ju ya nini hawakusema?"

"Kenchi," akasema Byamungu, "ambia mwiko tulisema. Tulituma habari siku tatu, asubuhi na magaribi!"

"Mwiko, ambia kenchi habari haikufika!"

Papa Kashindi akafumba na lile jicho zima. Halafu sisi sote, mimi, yule wa ndani ya shati, Mwamini, wale ndugu, nadhani hata kenchi, tukageuka kumtazama Zebedayo. Alikuwa anajifuta udongo usoni, na alichelewa kumaliza.

"Zebedayo," nikasema, "habari ya ukuta iko wapi?"

"Nilipeleka," akasema kwa sauti ndogo. "Nilipeleka yote. Ila nilitoa mifupa."

Nikachukua timazi. Nikapanda kwenye jukwaa, nikaning'iniza uzi kutoka juu ya kona yangu. Ule uzi ukateremka ukiwa huru, mbali na ukuta wa chini, mbali kabisa. Nikapima kwa mkono. Kiganja kimoja. Mpaka usawa wa dirisha kona ilikuwa imesimama kama askari. Kuanzia dirishani kwenda juu ilikuwa inaelekea kuondoka. Na dirishani ndipo tulipofika siku niliyoachiwa ukapita.

Mama Brenda alikuwa ameshuka kibarazani. Alizunguka nyumba yake polepole, akarudi nyuma hatua kumi, akainamisha kichwa upande.

"Banange," akasema, yaani jamani. "Hii nyumba yangu inaangalia Kabale. Mimi nilisema iangalie barabara. Nani ameharibu?"

Hapo, wanangu, mkae vizuri, maana mengine yote ni porojo tu, lakini hapa si porojo. Nilikuwa na njia mbili na zote niliziona. Timazi nilikuwa nimeishika mimi. Kutoka chini hakuna aliyeona kipimo isipokuwa Byamungu, na Byamungu alikuwa ndani ya shati na asingesema neno kwa mtu wa nje dhidi ya mama wa mkewe, hata kwa kupitia kenchi. Wale ndugu tayari walikuwa wanaonyesha kidole juu. Ningesema "mbao," ningemtuma Byamungu nyumbani, ningeonekana kapita asiyependelea ndugu, na saa sita mikono ingeinuka. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba ningeweza kuishi na uongo ule. Lakini yule kijana alikuwa amesimama juu na tumbo wazi, ananilinda, na mimi nilikuwa nimemtukana kazi yake mbele ya watu.

"Ni mimi," nikasema. "Ukuta ni wangu. Mbao ni sawa. Fundi wa mbao aliniambia mapema na mimi sikwenda kutazama."

Mama Brenda akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye miguu yenye udongo. "Wewe? Mukubwa?"

"Mimi."

"Mzee yangu iko kwa jeshi miaka mingi," akasema. "Kila siku analeta habari ya makosa. Makosa ya dereva, makosa ya mupishi, makosa ya radio. Sijasikia mukubwa anasema ni mimi." Akafikiri, akaniita mama kwa lugha ya kwao. "Sawa, nyabo. Vunja, jenga tena. Lakini chai ya leo hakuna, kwa nyinyi wote."

Chai ile iliwauma wale ndugu kuliko ukuta.

Saa sita ikafika na Papa Kashindi hakuahirisha uchaguzi, ingawa nilimwomba kwa macho, na pengine ndiyo sababu, alikuwa na jicho moja tu. Akasimama juu ya mfuko wake wa saruji. "Wenye kutaka Mama Riziki akuwe kapita wa siku zote, mikono juu."

Mwamini akainua mkono, ule wenye kitana. Wale ndugu wawili wakaficha mikono makwapani, wote wawili, kwa namna moja. Zebedayo akainua mkono mpaka kwenye sikio, ukaishia hapo.

"Zebedayo," akasema Papa Kashindi, "uko unachagua ao uko unajikuna?"

"Yote mbili, Papa."

"Jikune kwanza, umalize."

Zebedayo akajikuna muda mrefu akitazama wale ndugu, akanitazama mimi, akatazama mawingu. Mwisho mkono wake ukabaki palepale sikioni, na Papa Kashindi akasema hiyo ni nusu, na kwamba katika maisha yake hajawahi kuhesabu nusu mtu. Mmoja na nusu kwa wawili. Nilikuwa nimeshindwa na nilijua ni haki yangu. Nikaanza kufikiria maneno ya kusema, kitu cha kiungwana.

"Kuko mkono ingine," akasema Papa Kashindi.

Nyuma ya mabati yaliyoegemezwa kwenye mti, mabati ambayo bado hayajapanda, mkono ulikuwa umesimama. Mkono tu. Mwenyewe hakuonekana, lakini juu ya ukuta hapakuwa na mtu tena.

Ndugu mkubwa akakataa. "Mkono bila mutu haichague! Inaweza kuwa ya mupita njia!"

"Mwenye mkono atoke," akasema Papa Kashindi, "tumuhesabu."

Mkono ukateremka. Tukasubiri. Nilijua hawezi kutoka. Nilikuwa nimesimama wazi mbele ya mabati, uso kwa uso na mahali angepitia, na nikaanza kugeuka ili nimpe kisogo, kama nilivyofanya miaka sita, apate kutoka kwa amani.

"Hapana," ikasema sauti. "Musigeuke."

Byamungu akatoka. Shati alikuwa amelivaa, vifungo vimekosana. Jasho linamtiririka. Alitembea mpaka mbele yangu, na nikaona anainua macho kutoka miguuni kwangu, polepole, kwenye kitenge, kwenye kifua, kwenye kidevu, kama mtu anayepanda ngazi asiyoiamini, mpaka akafika. Kwa mara ya kwanza nikamwona mkwe wangu. Ana macho ya mviringo na kovu dogo kwenye nyusi. Wajukuu wangu wote watatu walikuwa mle ndani ya ule uso, na mimi nilikuwa nimesumbuka miaka yote nikiuliza wamefanana na nani. Nililia, sifichi. Udongo ukaniingia mdomoni.

"Mama mukwe wangu iko Nakivale, kwake nyumbani," akasema. "Kule nitamukimbia mpaka nizeeke. Hapa miye naona kapita. Mkono yangu iko juu."

Papa Kashindi akahesabu, mmoja, wawili na nusu, akasema wawili na nusu wanashinda wawili, kapita ni mimi, na Zebedayo sasa akamalize kujikuna, na wale ndugu wakaokota nyundo na kwenda kubomoa kona bila kuambiwa, kwa hasira nzuri kabisa ya kazi. Ilibomoka haraka. Mwamini akaleta maji. Nikakunja kitenge changu kilichofuliwa, nikapanda kwenye jukwaa, nikaweka matofali ya pande mbili na kufunga kamba kati yake ili nianze mstari wa kwanza juu ya dirisha. Byamungu alikuja akachuchumaa upande wa pili wa ukuta, hatua moja kutoka usoni kwangu. Kila mtu aliacha kazi kututazama. Alifunga jicho moja, akaitazama kamba yangu kwa urefu wake, kisha akanitazama mimi.

"Kapita," akasema, "hiyo kamba yako imelegea."

Nikaikaza.